Taa Iliyozimikia Juu ya Nyumba ya Bibi Nkwimba

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye hataki kusema nani kamletea. Mimi ni mtu wa kufuta ujumbe mrefu bila kuusoma, nakiri. Huu niliusoma mara mbili. Sasa nakuletea wewe, na ukiumaliza usije kunilaumu kwamba nimekuharibia siku.

Kulikuwa na kijiji kiitwacho Mwanhelela, huko Usukumani, ambako ulinzi ni kazi ya sungusungu. Kila jioni wanaume wa zamu hukusanyika uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, wakipiga soga kabla ya doria. Kamanda wao aliitwa Gindu, mtu mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha potea.

Jioni moja wakaona taa angani. Haikuwa ndege, maana haikuvuma wala haikumetameta. Ilitokea upande wa machweo, nyeupe kuliko nyota yoyote, ikaikata mbingu taratibu, na ilipofika juu ya kilima cha mashariki ikazimika ghafla, kama kibatari kilichopulizwa. Kwenye kilima kile ipo nyumba moja tu. Ni ya Bibi Nkwimba, mjane ambaye hana mtoto aliye hai.

Siku ile walitazamana tu. Kesho yake taa ikaja tena, ikazimika palepale. Siku ya nne ikaja mara ya tatu, kijiji kizima kikiwa nje kinaitazama, ikazimika palepale.

Unajua watu walisema nini. Huko hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia kuwa mchawi husafiri kwa ungo, na ungo ukitua taa yake huzimwa ili jirani wasimwone anayeshuka. Basi, kesi ikaishia hapo. Bibi aliyeuza karanga sokoni miaka arobaini akawa rubani.

Kamanda Gindu akapuliza filimbi, mkutano ukakaa, na adhabu ikatamkwa siku hiyohiyo. Kutengwa. Usidhani ni adhabu ndogo. Aliyetengwa haombi moto kwa jirani, hachoti maji kisimani, hasagiwi mashineni, na ukimwamkia tu, na wewe unatengwa. Bibi akapewa siku saba awe amehama. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, ahamie wapi? Wazee waliokuwa wamefukuzwa kwa namna hiyo miaka ya nyuma, wawili waliokotwa porini, na hakuna aliyeuliza waliuawa na nani.

Sasa pale kijijini alikuwapo mwalimu wa sayansi, Mwalimu Sangiwa, kijana wa Upareni, mwaka wake wa pili kazini. Wapare mnawajua kwa ubishi. Mpare akiamua kwamba ana haki, hata umpe ng'ombe anyamaze, atamchukua ng'ombe na kesi ataendelea nayo. Siku ya tatu ya adhabu, mkutano ulipokaa tena, huyu naye akanyoosha mkono.

"Kamanda, naomba kusema. Ile taa si ya Bibi."

"Ni ya nani?"

"Ni kituo cha anga. Ni chombo kikubwa kinachoizunguka dunia, kimejengwa na watu, na ndani yake wapo watu wanaishi. Wanalala humo, wanakula humo."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake.

"Wanakula," Kamanda akasema. "Na jiko la kuni?"

"Wana chakula cha pakiti. Kamanda, taa ile haina moto. Ni jua linakipiga kile chombo huko juu, sisi huku tukiwa tayari gizani. Kikifika upande wa mashariki kinaingia kwenye kivuli cha dunia, ndiyo maana hatukioni tena. Hakijatua kwa mtu."

"Mbona kinaingia kivulini juu ya nyumba ya yule mama tu?"

"Kwa sababu nyinyi mnakitazama mkiwa hapa uwanjani tu. Kasimameni kijiji cha pili, mtaona kinazimikia juu ya nyumba ya mtu mwingine."

Lilikuwa jibu zuri, lakini hakuna aliyetaka kutembea hadi kijiji cha pili. Ndipo mwalimu akatoa simu yake na kusema maneno ambayo mpaka leo naamini aliyasema kwa moyo safi.

"Basi tufanye jaribio. Keshokutwa jioni, saa moja na dakika ishirini na mbili, kitatokea pale, juu ya kilele cha ule mnara wa simu. Kitapita karibu na utosi wetu. Saa moja na dakika ishirini na saba kitazimika. Mfungieni Bibi humu ofisini tangu mchana. Funguo akae nazo Kamanda mwenyewe. Kikipita na yeye yumo ndani, mtamwachia?"

Gindu akawatazama wazee. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa haki tupu, hata mimi ningekubali.

Siku ikafika. Bibi Nkwimba akaingizwa ofisini saa nane mchana akiwa na kanga mbili na kikombe cha maji. Mlango ukafungwa, dirisha likawekewa walinzi wanne, na funguo Kamanda akazining'iniza shingoni. Mwalimu alipita dirishani akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Leo unalala kwako." Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumwamkia baada ya siku tano.

"Marahaba," Bibi akajibu.

Ilipofika saa moja na robo uwanja ulikuwa umejaa. Waliokuwa na saa walizitazama, na waliokuwa na simu waliziinua. Saa moja na dakika ishirini, hakuna kitu. Na moja, hakuna kitu. Kicheko kikaanza huko nyuma.

Dakika ya ishirini na mbili taa ikachomoza juu ya mnara.

Watu walipiga ukelele mmoja. Ikapanda, ikang'aa, ikapita karibu na utosi wao kama mwalimu alivyosema. Dakika ya ishirini na saba ikazimika upande wa mashariki. Kamanda Gindu alikimbia mlangoni, funguo zikamwanguka mara mbili. Akafungua. Bibi Nkwimba alikuwa amekaa juu ya gunia, kikombe kiko pembeni, anawatazama.

Mwalimu Sangiwa alitabasamu. Jamani, alitabasamu! Alidhani imekwisha.

Ndipo ikatoka sauti ya mama mmoja katikati ya umati, sauti ya upole kabisa, ya mtu anayeuliza tu.

"Sasa huyu alijuaje?"

Watu wakamgeukia mwalimu.

"Alijuaje dakika?" mama akaendelea. "Mvua tunaijua mwezi wake, dakika yake hatuijui. Mtu anazaliwa hatujui saa, anakufa hatujui saa. Huyu kataja itakapotokea, kataja itakapozimika. Bibi alikuwa ndani. Basi aliyekuwa anaiendesha ni nani?"

Mwalimu akainua simu. "Imeandikwa humu, mama. Ni ratiba, kama ya basi. Yeyote anaweza kuisoma. Kamanda, shika usome."

Alimnyooshea Kamanda ile simu, na Kamanda akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Fikiria, mtu anayepambana na wezi wa mifugo kwa fimbo, anaikimbia simu. Maana alikwisha elewa, kama wote pale walivyoelewa, kwamba kuanzia dakika ile anayejua ndiye mchawi. Akiisoma, atajua.

"Kioo cha mganga," mtu akasema. Neno likapita uwanja mzima.

Kamanda akarudiwa na sauti yake. Akatangaza kura ya mstari, kama wanavyofanya siku zote. Anayeona Bibi ndiye mwenye taa asimame upande wa ofisi. Anayeona ni mwalimu, asimame upande wa kisima.

Watu wakaanza kuhamia upande wa kisima, mmoja mmoja, kisha makundi. Wazazi wa wanafunzi wake wakaenda. Mwalimu mkuu naye, mwenye shahada na tai shingoni, alijipenyeza katikati ya mstari akiwa ameinamisha kichwa. Upande wa ofisi hakubaki mtu, isipokuwa mwalimu aliyesimama peke yake na Bibi Nkwimba mlangoni.

Bibi akajifunga kanga. Akateremka ngazi taratibu, akampita mwalimu bila kumtazama, akavuka uwanja mzima. Akasimama upande wa kisima.

Mimi hapa niliiweka simu chini. Niliinuka nikanywa maji. Nilihisi nimechapwa kofi na mtu nisiyemjua.

"Bibi," mwalimu akasema. "Hata wewe?"

Bibi alijibu kutoka mstarini, na wote walimsikia.

"Mjukuu wangu, huko uliko nimekaa siku tano peke yangu. Sirudi."

Mwalimu akapewa usiku mmoja. Hakubishana tena, na kwa Mpare hilo peke yake lingetosha kuwaogopesha. Alifungasha vitabu na godoro, na alfajiri akawa kituoni, mahali ambapo basi la mjini husimama. Hakuna aliyemsindikiza.

Taa za basi zilikuwa zimekwisha onekana kwa mbali alipomwona Bibi Nkwimba anakuja na fimbo yake, anahema. Amebeba kifurushi cha karanga. Hakumpa. Alikishika tu, kama mtu aliyesahau amekuja nacho.

"Umekuja kuhakikisha naondoka?" mwalimu akauliza.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Jana sikuweza kulala." Bibi akatazama juu. "Ulisema mle ndani ya ile taa wamo watu."

"Wamo, Bibi."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

"Wakipita juu yetu, wanatuona?"

Mwalimu akafikiri. Angeweza kumjibu lolote, naye alikuwa na haki ya kumjibu kwa uchungu. Akamwambia ukweli, kwa sababu hakuwa na desturi nyingine.

"Hawatuoni. Wako mbali mno. Wanaona ziwa, wanaona mawingu. Mtu hawamwoni."

Bibi Nkwimba akavuta kanga, akajifunika uso.

"Afadhali," akasema.

Funzo: Ushahidi usioondoa hofu hauwafumbui watu macho, unawabadilishia tu mtu wa kumfukuza. Nawe ukisimama na aliyeachwa peke yake, simama kwa kuwa ni haki, usisimame ukitegemea kwamba kesho naye atasimama nawe.