Koti la Aliyelikomboa Gemu

Sogeeni karibu, na wale wa nyuma acheni kuongea. Hadithi nyingi mnazosikia mwisho wake watu hugombania zawadi: nani kamuokoa binti wa mfalme, nani apewe ng'ombe. Yangu ya leo inaanza hivyo hivyo, halafu inapinda. Msinilaumu mimi, walaumuni wenyewe.

Palikuwa na marafiki watatu hapa hapa Songea, mtaa wa Mfaranyaki. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na kwa bahati mbaya kila mmoja alijua kwamba anacho.

Wa kwanza ni Kanisius Ngonyani, muuza viatu vya mtumba, na kipaji chake kilikuwa jicho. Fungua belo la viatu mbele yake, yeye ameshaiona pea nzima kule chini wakati wewe bado unatafuta kisigino.

Wa pili ni Benigna Komba, fundi wa redio na simu, na kipaji chake kilikuwa mkono. Redio ambayo wenyewe wameshaigeuza kigoda cha kuku, yeye huifungua, huipuliza, huchomea waya mmoja, na redio inasoma taarifa ya habari.

Wa tatu ni Otmari Gama, mshereheshaji wa harusi, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Otmari anaweza kukuomba mwavuli wako huku mvua inanyesha, ukampa, ukamwambia na asante.

Walikuwa na mwenzao wa nne, Fulgensi Mapunda, ila yeye alishafariki. Utotoni ni Fulgensi peke yake aliyekuwa na gemu la kaseti mtaani kwao. Wakubwa mnalikumbuka: unachomeka kaseti juu yake, unaunganisha waya kwenye tivii ya chogo, watu wawili mnashika pedi. Mchezo wake ulikuwa wa vigari viwili, chekundu na cha bluu, na wimbo wa kukera usioisha. Wote watatu walijifunzia kwake, kwenye mkeka wa mama yake, wakila mihogo ya mama yake. Alipougua walimtembelea mwanzoni. Baadaye wakawa wanatuma salamu.

Sasa, mnajua sisi Wangoni ni watani wa Wahehe. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukabaki na matusi ya kuchekeshana. Na mtani msibani ana kazi yake. Siku ya kumzika Fulgensi alikuja mzee Nyaulingo, Mhehe, muuza vyombo vilivyotumika. Akaingia chumbani kwa marehemu akilia kilio cha uongo, akatoka na gemu kichwani.

"Huyu Mngoni kafa hajanifundisha kucheza!" akapiga kelele. "Nalichukua. Mkilitaka, njooni mlikomboe!"

Watu wakacheka, hata mama wa marehemu akatabasamu. Ndiyo dawa ya utani. Desturi haina ugumu wowote: ndugu au jirani humfuata mtani na jogoo, au na chochote, akakikomboa kile kitu kikarudi nyumbani. Na anayekikomboa huhesabiwa mtoto wa nyumba ile. Marafiki watatu walikuwepo, walicheka na wenzao. Kila mmoja akasema moyoni kwamba mwingine atakwenda. Hakwenda mtu. Mama Fulgensi naye akajifungia ndani na majonzi yake, na miezi ikapita.

Hapo ndipo vipaji vilipoanza kufanya kazi.

Kanisius alikuwa anapita mnadani akaona kona ya kitu cha kijivu chini ya masufuria na chupa za chai. Kona ile ilikuwa imeungua kidogo, pale mshumaa wa Fulgensi ulipodondokea umeme ulipokatika, zamani zile. Jicho la Kanisius halisahau kitu, basi alijua. Akachutama.

"Mzee, hili unauzaje?"

"Mngoni, viatu vimekushinda?" Nyaulingo akacheka, kisha akaacha. "Hilo siuzi. Ni la marehemu wenu. Nimewangoja mpaka nimechoka. Nikalipeleka mwenyewe, mama hakufungua mlango. Leta chochote ulikomboe, na mimi nipumue."

Kukomboa maana yake ni kulirudisha kwa mama. Kanisius alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alishajiona nyumbani kwake, miguu juu ya stuli, pedi mkononi.

"Mimi sikomboi, mzee," akasema. "Mimi nanunua. Taja bei."

Mzee alimtazama, mtani asiye na utani usoni. "Haya," akasema. "Nunua."

Kanisius akalitia kwenye mfuko wa viatu. Alipoulizwa na wenzake kalitoa wapi, akasema amelipata kwa mtu mmoja tu wasiyemjua.

Gemu lilikuwa limekufa. Ukibonyeza swichi, kimya. Ndipo Benigna akalipokea kwenye meza yake ya ufundi, akalegeza skrubu, akafunua. Panya walikuwa wametafuna waya wa umeme, kapasita moja imevimba, meno ya shaba yanayoshika kaseti yamefanya kutu ya kijani. Hayo yote kwake ni kazi ya kawaida. Kilichomsimamisha ni tone la risasi ya kuchomea, kubwa, baya, limekaa pembeni kama pua ya mlevi. Lilikuwa lake. Alilichomea alipokuwa anajifunza ufundi, wakati hata baba yake mzazi hakumruhusu kugusa redio ya nyumbani. Fulgensi alimletea gemu lake zima akamwambia, "Jifunzie hapa, ukiliua nitakusamehe."

Basi Benigna naye alijua. Alikaa na kile chuma cha kuchomea mkononi, moshi unapanda, na uso ukamwaka moto kwa haya ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Angeweza kufunga kile kifuniko na kulibeba mpaka kwa mama. Badala yake akaliyeyusha lile tone, akalifyonza, akachomea jipya, dogo, safi, la kifundi. Akasugua meno ya shaba kwa spiriti, akabadilisha waya na kapasita. Swichi ilipobonyezwa, kitaa chekundu kikawaka. "La nani hili?" alimuuliza Kanisius, akiomba Mungu asijibiwe, na hakujibiwa.

Wakaja kwenye picha. Tivii ya Kanisius ni hizi bapa za siku hizi, na gemu lile la zamani lilikuwa na waya wa aina ambayo tivii hiyo haina hata tundu lake. Ilitakiwa tivii ya chogo. Nani bado ana tivii ya chogo Mfaranyaki? Otmari alijua, na wenzake walijua kwamba anajua, na kila mmoja akatazama pembeni. Otmari akaenda kubisha hodi kwa mama Fulgensi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepotea, Otmari."

"Kazi, mama. Harusi zimekuwa nyingi. Mama, ile tivii yako ya zamani, tungeiazima kidogo. Tuna jambo letu."

"Jambo la heri?"

Ulimi wa Otmari haujawahi kukosa neno. Ungeweza kusema kweli kwa urahisi ule ule.

"La heri kabisa, mama."

Mama akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga yake, akamshikia mlango apite vizuri, akamwambia asijiumize mgongo. Otmari aliibeba njia nzima hakusalimia mtu, na ninyi mnamjua Otmari kwa salamu.

Jumapili baada ya misa walikutana kwenye kibanda cha Benigna. Wakaunganisha. Tivii ikaonyesha chenga. Benigna akazungusha kitufe cha stesheni polepole, chenga zikayumba, zikapungua, na mara ule wimbo wa kukera ukatoka, vigari viwili vikasimama mstarini, chekundu na cha bluu, rangi zote kamili. Wakapiga kelele za shangwe. Kwa dakika chache, nakuambieni, walikuwa watoto tena na hawakuwa na kosa lolote.

Halafu Kanisius akasema, "Jioni nitalibeba niende nalo."

"Uende nalo wapi?" akauliza Benigna.

"Kwangu. Nani aliliona? Bila jicho langu lingekuwa chini ya masufuria mpaka leo."

"Uliona boksi bovu, Kanisius. Mkono wangu ndio umelipa uhai. Linabaki hapa."

"Uhai gani bila picha?" Otmari akadakia. "Mngelitazama likiwasha kitaa chekundu mwaka mzima. Mimi nimeleta tivii. Gemu liifuate tivii."

Sauti zikapanda. Langu, langu, langu. Jirani akafungua dirisha asikose kitu. Katikati ya makelele hayo ikasikika hodi, na mama Fulgensi akaingia, jogoo kwapani, koti la mwanawe mkononi.

Kanisius akarudi nyuma hatua moja. Jogoo akawahi kusalimia.

Mama alisimama akiusikiliza wimbo. Akakitazama kigari chekundu. Machozi yakamtoka, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Leo nimepata nguvu, wanangu. Nikakamata jogoo nikaenda kwa mtani, nikasema nirudishie kitu cha Fulgensi. Akaniambia, mama, umechelewa, limeshakombolewa na vijana wenu, akamtaja Kanisius. Nikakumbuka Otmari alivyokuja kuomba tivii. Nikasema, kumbe ndilo lile jambo la heri! Wamelikomboa, wanalitengeneza kwanza, waniletee zima." Akajipangusa. "Na mimi nilikuwa nakaa ndani nawaza mmemsahau mwenzenu. Mnisamehe."

Kwa nini mzee Nyaulingo alisema limekombolewa, wakati alisikia kwa masikio yake "nanunua"? Labda alitaka kutufichia aibu sisi Wangoni, labda alitaka kuficha ya kwake. Sijui. Najua tu kwamba wale watatu waliombwa msamaha na mtu waliyemkosea, na hakuna aliyeweza kuinua macho.

Mama akamweka jogoo chini, miguu imefungwa. "Huyu mtamla wote. Ila koti ni moja. Jumamosi tunaanua matanga tuliyoyachelewesha. Aliyelikomboa atalivaa koti hili, atakaa kwenye kiti cha Fulgensi katikati ya ndugu zake, na mimi nitamwita mwanangu mbele ya watu. Sina mwingine. Ni nani kati yenu?"

Wale waliokuwa wakisema langu, langu!

"Ni Benigna, mama," akasema Kanisius akiangalia sakafu. "Bila yeye lilikuwa boksi tu."

"Si mimi," akasema Benigna upesi. "Ni Otmari. Yeye ndiye aliyekuja kwako."

Ikabaki zamu ya Otmari. Mshereheshaji mzima. "Kanisius," akasema kwa sauti ndogo. "Ni Kanisius."

Na mama akacheka kwa furaha. "Ona watoto wangu! Kila mmoja anampa mwenziwe heshima. Fulgensi alichagua marafiki." Akaketi kwenye stuli ya Benigna, akalilaza koti mapajani, akalinyoosha kola. "Basi nitangoja mpaka mkubaliane."

Laiti angewatukana, wangepona.

Mtaani kwetu watu wamebishana juu ya jambo hili mpaka uji umepoa. Wengine husema koti ni la Kanisius, kwani ndiye aliyeliona na kulitoa chini ya masufuria. Lakini ndiye aliyesema kwa kinywa chake "sikomboi". Wengine humtaja Benigna, kwani mama analia kwa furaha kwa sababu kitu kinafanya kazi. Lakini ndiye aliyeyeyusha kumbukumbu ya wema aliotendewa. Wengine humtetea Otmari, kwamba neno lake la heri ndilo lililomfanya mama aamini mwanawe hakusahauliwa. Lakini alilisema kama uongo, akimtazama usoni.

Wako wanaosema waseme kweli, basi. Ni rahisi ukiwa umekaa hapa. Mama ndiyo kwanza amefungua mlango wake, na anayeanza kusema ndiye atakayeufunga. Wako wanaosema wanyamaze, kweli ya nini kwa mfiwa, gemu si limerudi? Lakini mmoja wao itabidi akae kwenye kiti kile Jumamosi, na kila Jumamosi baada ya hiyo aitwe mwanangu, aitike. Na yuko bibi mmoja anayesema koti apewe yule atakayeungama wa kwanza. Nilimuuliza, na kama wataungama kwa pamoja? Akanifukuza.

Mimi nawaacha pale pale kibandani, vigari vinangoja mstarini, mama analinyoosha koti la mwanawe na kuuliza tena, taratibu, bila haraka yoyote, "Ni nani, wanangu?"

Haya, ninyi mliokaa kimya. Koti avae nani? Na kabla hajalivaa, mama aambiwe nini?