Mwaka Ambao Hakukuwa na Baridi

Kulikuwa na mwanamume mmoja ambaye msimu mzima wa kipupwe alikuwa akiwaambia watu kwamba mwaka ule hakuna baridi.

Ndugu zangu, nyinyi wa huku milimani mnatabasamu, nawaona. Tunaijua Julai yetu. Tunajua jinsi umande unavyogeuka sakitu, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani ya viazi mpaka yanakuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Na mtu huyo hakuwa mgeni, wala akili zake hazikuwa na kasoro. Alizaliwa katika kijiji kama hiki, akaoa hapo hapo, na kazi yake ilikuwa kusimamia viazi vya watu pale barabarani malori yanapopakia. Alikuwa mtu mwema. Naomba tusiwe wepesi kumhukumu, maana nimemfikiria kwa muda mrefu, na kila nikimtazama usoni namwona kama mtu aliyekaa katika benchi ninalolifahamu.

Baba yake alifariki mwezi wa nne, mvua zikiishia. Siku ya kuanua tanga ukoo ulikusanyika kugawana nguo za marehemu. Sasa sikilizeni desturi yao. Mashati na suruali waligawana kama watu wengine wanavyogawana, lakini koti la marehemu lilivishwa mtu mmoja. Aliyelivaa ndiye aliyeitwa mwenye nyumba kuanzia siku hiyo, na kuni za mjane zilikuwa juu yake. Kila juma apande msituni, akate mzigo, autue mlangoni kwa mjane. Hakuna aliyeandika jambo hilo mahali popote. Watu wamemwona amevaa, basi.

Koti lenyewe lilikuwa jaketi la ngozi, jeusi, pana mabegani. Marehemu alilipata ujanani, alipokuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya chai. Mwanawe alilitamani tangu alipokuwa mdogo, alipokuwa akiingiza mikono kwenye mikono yake na kuikosa njia ya kutokea. Siku ile shangazi yake, dada wa marehemu, alipomvisha mbele ya ukoo, alifumba macho kwa furaha. Kisha akayafumbua.

"Shangazi, mbona ndani limeraruka lote? Ngozi inanigusa kama bati."

"Baba yako amelivaa miaka thelathini," shangazi akasema. "Ulitaka akuachie na harufu ya dukani?"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani, akanyoosha mkono. "Niachie juma moja. Mwenye nyumba hawezi kwenda msituni alfajiri amevaa bati."

Juma lilipokwisha alilikuta limekunjwa juu ya kigoda. Ndani lilikuwa na satini nyeusi, imeshonwa kwa sindano ya magunia, mishono midogo midogo iliyonyooka. Lilikuwa limeongezeka uzito.

"Mama, umetia nini humu?"

"Nimeziba matundu tu. Hebu vaa nione."

Alilivaa, na joto likamshika kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza tena. Nani kati yetu, akishapata joto, huuliza limetoka wapi?

Mwezi wa tano alipeleka kuni, mizigo miwili mizuri ya miti ya miwati iliyokauka. Tumpe haki yake. Mwezi wa sita viazi vilikomaa, malori yakaanza kufuatana, na yeye akawa mtu wa barabarani kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Wapakiaji walijifunga mablanketi mabegani wakazunguka moto wa maganda ya mahindi ndani ya debe. Yeye alisimama mbali na moto, kifua mbele, mikono mifukoni.

"Rubani," wakamwita, "ndege umeiegesha wapi?"

"Nyuma ya lori. Njooni niwapandishe, mnakufa na baridi ambayo haipo. Mwaka huu Mungu ametuhurumia."

"Amekuhurumia wewe. Huko juu unakoruka kuna jua."

Alicheka pamoja nao. Nyumbani mkewe hakucheka.

"Kuni za mama umepeleka?"

"Kesho."

"Kesho ipi? Ile ya juma lililopita au umepata nyingine mpya?"

"Mke wangu, hali yenyewe si mbaya. Zile za mwezi wa tano hazijaisha. Baridi ikianza kweli nitapeleka mizigo mitatu kwa mpigo."

Hakuwa anadanganya. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu tukimfanya mwongo tutapumua kwa raha na mfano huu utatupita. Alipima baridi kwa mwili aliokuwa nao, na mwili wake haukusikia kitu.

Asubuhi moja mama yake aliteremka mwenyewe mpaka barabarani. Alikuwa amejitanda khanga mbili, moja juu ya nyingine, na mkononi alikuwa na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa. Vilikuwa vimekwisha kupoa njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenye nyumba. Nimekuletea hivi, najua hujala. Baridi ya safari hii naona imekuja na meno."

"Huo ni uzee, mama. Mbona mimi sisikii chochote?"

Mama akamtazama. Akapitisha kiganja kifuani pa lile jaketi, taratibu, kama mtu anayegusa chungu ajue kama kimepoa. "Husikii?"

"Sisikii kabisa."

"Mungu ashukuriwe," mama akasema, na uso wake ukafurahi. Alifurahi kweli, hakuwa anamsimanga. Akakaa kidogo akiwatazama wapakiaji na moto wao wa debe, kisha akapanda mlima kurudi kwake.

Mtaniuliza, kwa nini hakuomba kuni? Mtoto ni wake, njia ameitembea, mdomo anao. Ndugu zangu, katika ukoo ule mjane haombi kuni. Akiziomba mbele za watu ni sawa na kumvua mwanawe koti barabarani, kila mtu ajue amevaa asichokiweza. Alishuka ili amtazame, na labda, sijui, ili yeye atazamwe. Alitazamwa na watu kumi na wawili. Walioona khanga mbili walikuwa wengi. Mwanawe aliona viazi.

Mnajua huku kwetu tunavyojuliana hali asubuhi. Mtu akifungua mlango hutazama mapaa ya wenzake kama moshi umetoka. Moshi ukitoka, fulani ameamka salama. Kutoka pale malori yanapopakia, paa la mama yake lilionekana vizuri. Asubuhi ya kwanza moshi ulikuwa mwembamba kama uzi. Ya pili haukuwapo, na mwana akajiambia, leo amechelewa kuamka. Ya tatu haukuwapo tena. Akawaambia wapakiaji, kwa moyo mweupe kabisa, "Mnaona? Hata mama yangu hakuwasha moto leo. Nimewaambia hakuna baridi."

Asubuhi ya nne jirani wa mama, mjane mwenzake, alikwenda kubisha hodi.

Walimpeleka mama zahanati akiwa kwenye machela, kifua kimembana. Muuguzi akasema ni kichomi, na cha siku nyingi. "Mleteeni blanketi lake la nyumbani, haya ya kwetu ni mepesi." Binti mdogo wa mama, aliyeitwa kutoka kwa mumewe, akakimbia nyumbani, akarudi mikono mitupu. Alipekua kitandani, darini, sandukuni. Blanketi halikuwapo. Ikabidi waazime kwa watu.

Mwenye nyumba alikaa kando ya kitanda. Mama akatoa mkono, akashika ncha ya mkono wa jaketi. "Linakushika vizuri?"

"Linanishika, mama."

"Basi."

Jioni ile ile akafariki.

Wakazika. Siku ya kuanua tanga ukoo ukakusanyika tena ua ule ule, ili kugawa vitu vya mama, na havikuwa vingi. Khanga nne, gauni la kanisani, sufuria, mwiko. Lakini blanketi lake kila mtu alilifahamu. Lilikuwa la kijivu, lenye mistari miwili myekundu, zito, na watoto wake wote walilala chini yake kwa zamu walipokuwa wadogo na wagonjwa. Kwa desturi lilikuwa la kitinda mimba, yule binti. Ndipo mwenye nyumba aliposimama, jaketi limefungwa zipu mpaka shingoni.

"Mama yangu amekufa kwa baridi," alisema, "kwa sababu kuna mtu alichukua blanketi lake. Simtaji. Lakini tunajua nani alikuwa anaingia mle ndani kila siku. Mtu anayemvua mjane blanketi mwezi wa sita ana moyo gani? Sitaondoka hapa mpaka litoke."

Alikuwa anamtazama yule mjane wa jirani, na watu wote wakageuka wakamtazama. Mjane yule akainamisha kichwa.

"Mwanangu, mimi nilikuwa naenda kuota moto," akasema. "Kuni zilipokwisha tukawa tunakaa tu."

"Sikuulizi habari za kuni. Nauliza blanketi."

Shangazi alikuwa ameketi pembeni, ameegemea fimbo. Akasema, "Njoo hapa, mwenye nyumba. Vua jaketi."

"Kwa nini, shangazi?"

"Vua. Nilikuvisha mimi."

Akalivua. Shangazi akaligeuza ndani nje, akalilaza mapajani, akaomba wembe. Akakata mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, kama mtu anayemenya kiazi. Satini ikafunguka. Chini yake palikuwa na kijivu, na katikati ya kijivu mstari mwekundu. Akakata zaidi. Mstari wa pili.

Binti akasogea, akagusa.

"Alilikata mbele yangu," shangazi akasema. "Satini ilikuwa yangu. Nikamwambia, wifi, na wewe je? Akasema, mwanangu akienda msituni na joto hataiogopa alfajiri, ataniletea kuni, na mwenye moto hahitaji blanketi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utalivua, utalirudisha, utaumia kifua. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba ungelivua."

Mwanamume akasimama pale na shati lake jepesi. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka lakini halijapata nguvu, na upepo ulikuwa unateremka kutoka msituni ambako kuni zilikuwa zimelala bila kukatwa. Akaanza kutetemeka. Akajikumbatia. Meno yakagongana. Akawatazama watu, mmoja mmoja, mablanketi mabegani mwao, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona.

"Kumbe kuna baridi," akasema.

"Ilikuwapo," dada yake akajibu. "Tangu mwezi wa sita ilikuwapo."

Ndugu zangu, sina la kuongeza juu ya mtu yule. Sijui alilala vipi siku ile. Najua kwamba jaketi halikupata wa kulivaa katika ukoo ule, na lile blanketi lililokatwa vipande halikufaa tena kumfunika mtu yeyote.

Ila nataka tuzungumze juu yetu. Tumekaa humu asubuhi hii, na humu kuna joto, kwa sababu tuko wengi na milango imefungwa. Kila mmoja wetu amevaa kitu. Mwingine amevaa elimu, na mdogo wake aliacha shule darasa la nne ili wa kwanza asome. Mwingine ana duka linalosimama juu ya shamba la mama lililouzwa. Mwingine amevaa heshima, na mkewe sasa ni mwaka wa kumi na tano anaifunika aibu yake isitoke nje. Na mimi niliyesimama hapa nimevaa joho hili, na kuna watu walionishonea ndani yake vitu ambavyo sijawahi kuviuliza. Ngozi ya jaketi huzuia upepo tu. Joto lipo kwa sababu kuna mtu aliyebaki bila joto.

Wala haikutosha kwamba tumelivaa koti hilo. Tumesimama ndani yake tukawatangazia wengine hali ya hewa. Tumesema maisha si magumu, watu ni wavivu. Tumesema yule bibi analalamika kwa uzee. Hatukudanganya. Tulikuwa tunasema tulichokisikia miilini mwetu, na miili yetu ilikuwa imefunikwa kwa blanketi la yule yule tuliyemwita mlalamishi. Halafu akifa tunasimama mbele ya watu, zipu mpaka shingoni, tunauliza ni nani mwizi.

Je, mimi na wewe tumeshawahi kuligeuza koti ndani nje, wakati mwenyewe bado yuko hai?

Yule mama alikuwa na uhakika kwamba mwanawe akijua atalivua. Katika hadithi hii yote hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sijui kama alimjua vizuri. Na sijui kama wanaotuamini hivyo wanatujua.

Ibada ikiisha mtafungua mlango huu, na upepo utaingia. Kabla hamjainua kola za makoti yenu, simameni kidogo hapo ngazini. Kutoka hapo mapaa yote ya bondeni yanaonekana. Yatazameni moja moja. Ukiona paa lisilo na moshi, usiwaambie watu kwamba leo hakuna baridi. Shika njia ya kwenda huko. Na usiende mikono mitupu.