Jembe la Mwisho la Bi Nungunungu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa nchi yenye mikuki mingi na vyungu vikavu.

Hapo kale, Mfalme Nyati aliona moshi ng'ambo ya mto, kwa akina Pofu, wale swala wakubwa. Waziri wake, Kima, akamnong'oneza, "Wanafua mikuki, Mtukufu." Ngoma ikalia: kila nyumba ipeleke jembe moja kwa mhunzi, lifuliwe liwe mkuki.

Bi Nungunungu akapeleka la kwanza. Ng'ambo wakaona moshi wa huku, nao wakazidisha wao. Ngoma ikalia tena. Akapeleka la pili. Mwaka ule alivuna kikapu kimoja cha mtama, na kabla ya masika akamzika kitindamimba wake kwa njaa, nyuma ya ghala la mikuki.

Ngoma ikalia mara ya tatu. Lilibaki jembe moja, la marehemu mama yake, limelika hata likawa kama kijiko. Akalitia begani, akaenda kuketi mlangoni pa mhunzi, akaimba:

Nimetoa la kwanza, nimetoa la pili,
la tatu silitoi;
mkuki haupalilii mtama.

Siku ya kwanza aliketi peke yake. Siku ya pili wakaja akina Digidigi na akina Kanga. Siku ya tatu mhunzi akakosa pa kupita, moto ukazimika.

Waziri Kima akafika. "Mama, mkutano huu una kibali?"

"Tumekaa tu, baba. Kukaa nako kuna kibali?"

"Nitaangalia. Lakini wewe mwenyewe si una mikuki mgongoni?"

"Ninayo tangu kuzaliwa, baba. Haijanilishia mtoto hata siku moja."

Mawingu yakatanda. Na katika nchi ile hakuna aliyethubutu kutia mbegu ardhini kabla mfalme hajapiga jembe la kwanza. Nyati akatoka na mbegu zake. Jembe la kifalme halipo. Amri ilisema kila nyumba, bila kubagua, na watumishi watiifu walikuwa wamelipeleka nalo.

Akapiga ardhi kwa mkuki. Ukatoboa tundu la panya. Akapiga tena. Akapiga tena. Watu wakatazama.

Bi Nungunungu akasimama. "Nitakuazima langu, Mtukufu. Mikuki ikirudi motoni."

"Na akina Pofu je?"

"Jana nilivuka kuomba chumvi. Wake zao nao wameketi mlangoni pa mhunzi. Wameniuliza: na akina Nyati je?"

Nyati akageuka kutazama ng'ambo ya mto. Tone la kwanza la mvua likamwangukia puani. Akainamisha pembe, akapokea jembe.

Moshi ukapanda tena pande zote mbili, mikuki ikarudi kuwa majembe. Bi Nungunungu alipanda konzi ya kwanza ya mbegu juu ya kaburi dogo nyuma ya ghala. Kisha akasogea hatua mbili, akaendelea kupanda.

Anayefua jembe lake liwe mkuki kwa kumwogopa jirani, njaa humfikia kabla ya jirani.

Hadithi yangu nimeitua hapa, nanyi ichukueni. Waziri Kima angali anatafuta kile kibali. Mkikutana naye, mwambieni tumeshavuna.