Kufuli Tatu, Jina Moja

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ile ya sungura kuoa. Ni zamani hii ya juzi, simu zilipokwisha ingia mpaka mikobani mwa wapika chumvi, palikuwa na kijiji kikiitwa Munyuni. Munyuni hakuna bahari. Kuna chemchemi ya moto, na maji yake yana chumvi. Wanawake wa pale huyateka, huyachemsha kwenye makarai mapana mpaka maji yaishe, chumvi ibaki chini, nyeupe. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao pia.

Lakini ardhi ya chemchemi haikuwa yao. Ilikuwa ya tajiri mmoja, nao wakimlipa kodi kwa chumvi. Tajiri akafa. Watoto wake wakasema, “Sisi tunauza. Nyinyi mkiwa nazo, nunueni. Mkikosa, kuna bwana wa mjini anataka kujenga hoteli, watu waje kuoga maji ya moto.” Basi wanawake wakajua kwamba ardhi ile ikienda kwa mwingine, Munyuni imekwisha.

Kikundi chao kilikuwa na sanduku la akiba, na sanduku lile lilikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja alishika Mwavita, mwenyekiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru. Wa pili alishika Nyanzobe, mpole, aliyeolewa karibuni. Wa tatu alishika Tausi, mtu wa kupenda mambo mapya. Sanduku halikufunguliwa mpaka wakutane wote watatu. Na walikuwa na msemo wao: sikio moja halisikii kufuli mbili.

Siku moja Tausi akaja na habari ya sarafu ya mtandao. Mwavita akacheka mpaka akashika mbavu. “Sarafu gani hiyo, ikianguka hailii?”

Tausi akasema, “Akiba yetu imelala, bei ya ardhi haijalala. Sanduku halitaifikia.”

Wakabishana wee, mwisho wakakubali, akiba ikageuzwa sarafu. Ili kuifungua, sarafu ile ilitaka maneno kumi na mawili ya siri. Watu wengine duniani huyaandika wakayaficha. Watu wa Munyuni wakafanya walivyozoea. Wakagawana maneno manne manne, kila mmoja akayakariri yake peke yake, hakuna kuandika, hakuna kumwambia mwenzio. Ni maneno gani? Masikio yenu nayaamini, midomo yenu siijui, kwa hiyo siyasemi.

Sarafu ikapanda, wakamshangilia Tausi. Sarafu ikashuka, ikashuka mno. Hapo Mwavita akaogopa, na mtu mwenye cheo akiogopa hutafuta wa kumtwisha. Akasimama mbele ya watu wote akasema, “Tausi ni mwizi. Ametula.” Akaliendea karai la Tausi pale mekoni, akalipindua. Na Munyuni, aliyepinduliwa karai hapiki tena pale.  Tausi alifunga kanga yake akahamia mjini, akawa anauza vitumbua, na maneno yake manne akaenda nayo kichwani.

Baadaye sarafu ikapanda tena, ikapita pale ilipokuwa. Je, walimfuata Tausi wamwombe radhi? Hawakumfuata. Mwavita kila siku alisema kesho.

Huku nyuma waheshimiwa wa Baraza la nchi nao wakasikia habari za sarafu. Wengi wao hawakuwahi kuiona wala kuishika, lakini hilo liliwahi kumzuia nani kutunga sheria? Wakapiga meza makofi, wakapitisha. Sheria ikasema: sarafu moja, jina moja. Kila sarafu ya mtandao iandikishwe kwa jina la mtu mmoja. Isiyoandikishwa mpaka siku ya mwisho itakuwa mali ya serikali. Na atakayeapa uongo juu ya mwenye sarafu, atafungwa, na sarafu itachukuliwa. Kikundi sheria haikukitaja, kwa sababu waliokaa kule hawakuwahi kuona sanduku la kufuli tatu.

Mheshimiwa wa upande wa Munyuni aliwaambia wasiwe na wasiwasi, sheria ile wataifuta. Wakamwamini. Asubuhi moja, makarai yakianza kutokota, redio ikasema: leo ndiyo siku ya mwisho, ofisi zitafungwa saa kumi.

Mwavita aliacha kuni zikiwaka, akakimbilia kwa Nyanzobe.

Akamkuta mlangoni mkunga, Mama Hamisa. “Shikamoo mama. Nataka kumwona Nyanzobe.”

“Marahaba. Humwoni. Uchungu umemshika tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya.”

“Mama, ni neno moja tu.”

“Basi sema mbele yangu.”

Kutoka ndani Nyanzobe akasikia, akaelewa. Alikuwa amesikia redio naye. Akasema kwa shida, “Mama Hamisa, toka nje kidogo.”

“Nitoke? Una wazimu wewe? Mtoto anakuja!”

“Toka, mama. Leo sikio moja litasikia kufuli mbili kwa kuwa mimi siwezi kwenda, lakini sikio la nje halisikii hata moja. Tuliapa.”

Mkunga akatoka huku akilaani vikundi vyote vya duniani. Mwavita akapiga magoti kando ya mkeka. Neno la kwanza likaja. La pili likaja. Uchungu ukambana Nyanzobe, akauma kanga, macho yakamtoka, na neno la tatu halikuja. Mwavita alitamani kuita mkunga, akatamani pia neno.  Hakuita. Neno la tatu likaja. Kichwa cha mtoto kikatoka, bega likakwama ndani, na Nyanzobe katikati ya ukelele akatoa neno la nne.

Hapo ndipo Mwavita akapiga yowe, “Mama Hamisa!” Mkunga akaingia mbio, akavuta. Mtoto akatoka hai, wa kiume, akalia. Lakini mkono wake wa kulia ulining'inia tu, na mkunga alipouinua ukaanguka. Mama Hamisa akamtazama Mwavita, akasema polepole, “Ningekuwepo, bega lile ningeligeuza.”  Jua lilikuwa linapanda. Mwavita akatoka, akakimbia kuelekea mjini, analia huku anakariri maneno manane.

Tausi alikuwa kwenye kikaango chake. Alimwona Mwavita akija, akaendelea kugeuza vitumbua. “Vya shilingi ngapi, mama?” Akamwita mama, kama mteja asiyemjua.

“Tausi, leo ndiyo mwisho. Twende wote kwenye ofisi. Ukitaka kunitukana, nitukane njiani.”

Tausi akaipua kikaango, akajifuta mikono, akaenda. Njia nzima hakutukana. Afadhali angetukana.

Getini askari akanyoosha mkono. “Anaingia anayeandikisha tu. Sarafu moja, jina moja, mtu mmoja.” Nyuma yao foleni imejaa, saa ya ukutani imekwisha pita tisa. Wakatazamana. Mmoja aingie na kufuli zote tatu kichwani. Yule mwingine abaki nje akiwa hana kitu.

Mwavita akasema, “Ingia wewe. Nikupe yangu na ya Nyanzobe.”

Tausi akatikisa kichwa. “Mimi nimepinduliwa karai. Nikitoka na sarafu ile kwa jina langu, kesho mtasema nini? Mwizi ameiba kweli. Ingia wewe.”

“Basi nipe maneno yako.”

“Kwanza niambie mimi ni nani.”

Mwavita akamsogelea sikioni. “Hukuiba, Tausi. Nisamehe.”

“Ulinitukana mbele ya watu, unaniomba radhi sikioni?”

Foleni ikasonga hatua. Askari akauliza, “Nyinyi mnaingia au hamwingii?” Mwavita, mwenyekiti, mwanamke ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi, akaigeukia foleni ya watu asiowajua akapaza sauti. “Huyu anaitwa Tausi! Nilimwita mwizi, na hakuiba! Mimi ndiye niliyeogopa!” Watu wakacheka, wengine wakasonya. Tausi akamvuta kwa shingo, akamnong'oneza maneno manne bila kukosea hata moja, kisha akarudi kukaa ukingoni mwa barabara. Kama Mwavita angetaka kumdhulumu tangu saa ile, nani angemzuia?

Mwavita akaingia. Karani akapiga maneno kwenye mashine, sarafu ikaonekana, na karani akainua nyusi. Akaitazama mikono ya Mwavita, imepasuka kwa chumvi.

“Mama, sarafu hii ni ya nani?”

“Yangu.”

“Yako na nani?”

“Yangu peke yangu.”

“Unaijua adhabu ya kuapa uongo?”

“Naijua.”

“Apa.”

Akaapa. Sarafu ikauzwa palepale kwenye duka la kubadilishia sarafu lililoruhusiwa na serikali, na watoto wa tajiri wakalipwa kwa simu kabla ofisi haijafungwa. Ikabaki kuandikwa hati ya ardhi.

Lakini mpika chumvi ana mali kiasi kile? Maneno yakaenda, maneno yakafika. Kesho yake askari wakamchukua Mwavita, hati ikasimamishwa. Wakamweka mahabusu masika yote. Kila asubuhi walimuuliza, “Sarafu ilikuwa ya nani?” Kila asubuhi alijibu, “Yangu.” Wakamwambia, taja wenzio tukuachie leo. “Yangu.” Sakafuni maji yaliingia, kifua kikambana, akakohoa mpaka sauti yake ile ya kuamuru ikapotea isirudi tena. “Yangu.” Maana angesema “yetu” mara moja tu, serikali ingechukua kila kitu, na bwana wa hoteli angekuja na matingatinga. Mwisho wakakosa ushahidi, wakamwachia.

Akarudi Munyuni amekonda. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Tausi naye alikuwapo, karai lake limeinuliwa. Wakaenda wote wilayani kuandikisha hati.

Karani wa ardhi akasema, “Fedha yenye jina moja hununua ardhi yenye jina moja. Fedha ni ya mama huyu. Anaweza kuweka jina lake, au leo hii, kabla sijaandika, akamzawadia mtu mwingine mmoja. Nikishaandika, habadilishi.”

Wakamwambia, “Andika kikundi.”

“Sheria haijui kikundi.”

“Andika watatu.”

“Sheria inajua mmoja. Na aliyeandikwa akifa, ardhi ni ya warithi wake. Dirisha nafunga saa sita.”

Wakatoka nje kushauriana. Ndugu zangu, watu waliopendana asubuhi, ikifika saa tano hawatazamani usoni.

Tausi akasema, “Bila mimi msingekuwa na sarafu, mngekuwa na sanduku na kutu. Mliponitukana ningeweza kunyamaza na maneno yangu, nikawaangalia mkifukuzwa kama nilivyofukuzwa. Sikunyamaza. Safari hii nataka karai langu lisiweze kupinduliwa na mtu. Niandikeni mimi.” Mmoja akanong'ona nyuma, “Naye akianza kuyapindua ya kwetu?” Kwa kweli kinyongo cha Tausi hakuna aliyekipima.

Nyanzobe akamfungua mtoto mgongoni. Akauinua mkono wa kulia, akauachia, ukaanguka. “Bila mimi kufuli ya pili isingefunguka. Wenzangu mlitoa maneno, mimi nimetoa mkono wa mwanangu. Hatateka maji, hatabeba kuni, hatageuza karai. Atakula nini huyu? Niandikeni mimi, arithi.” Alilia, na hakuna aliyeweza kumwambia nyamaza. Lakini wote walijua mumewe ameshaonekana mara mbili akinywa soda na bwana wa hoteli.

Ikabaki kwa Mwavita. Akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, ya kukwaruza, “Bila mimi mngekwisha poteza yote. Nilikuwa na kufuli zote tatu kichwani na sikuiba. Nimelala majini kwa ajili ya neno moja. Jina langu ndilo lililokwenda mahabusu, basi lipumzike kwenye hati.” Kisha akasema na hili, kwa sababu mahabusu kulimfundisha kusema kweli: “Lakini mimi ndiye niliyempindulia Tausi karai. Mimi ndiye niliyesubiri neno la nne badala ya kuita mkunga. Na sina mtoto. Nikifa watarithi kaka zangu, na kaka zangu mnawajua.” Waliwajua. Mmoja aliwahi kuuza mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Wanawake wa Munyuni wakagawanyika. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, na kila aliyesema alionekana amesema haki mpaka mwingine afungue kinywa. Dirishani karani akaigonga meza kwa kalamu. “Mama, saa sita hiyo inafika. Jina?”

Mwavita akasogea dirishani. Tausi kulia kwake, Nyanzobe kushoto, na mtoto akimshika Mwavita kanga kwa ule mkono wa kushoto, unaofanya kazi. Mwavita akafungua kinywa.

Mimi hadithi yangu imeishia kwenye kinywa hicho. Msiniulize mimi alichosema, nami msinijibu kwa haraka kama waheshimiwa wa Baraza. Kalamu ya karani sasa iko mikononi mwenu nyinyi mliokaa hapa, na dirisha linafungwa. Aliyeleta sarafu akafukuzwa, aliyezaa akaumiziwa mwana, au aliyeapa akafungwa: je, nani alistahili jina lake liandikwe?