Pamba Hailiwi

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja huko Marekani ya kusini, mtumwa kwenye shamba la pamba. Mabwana wa huko walikuwa na kiburi chao: walipanda pamba hadi mlangoni, chakula wakanunua mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, kaskazini dhidi ya kusini. Kaskazini wanaume walienda vitani, wake zao wakashika mashine za kuvunia ngano, na maghala yakafurika. Kusini manowari za kaskazini zilifunga bandari, pamba ikarundikana. Nani ataitafuna?

Bwana wa shamba na mkewe walipokimbia majeshi, yule mama alibaki na wanawe wanne wenye njaa. Akashika jembe. Akang'oa pamba mstari kwa mstari, akapanda mahindi na viazi vitamu. Ofisa mmoja wa jeshi la kaskazini akamjia juu.

"We mama, nani kakuruhusu? Serikali inataka pamba!"

"Pamba hailiwi, bwana mkubwa. Nimeipanda miaka ishirini, hata shuka yake sijajifunika. Wanangu hawafi njaa na jembe ninalo."

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kulima. Mnamwona? Mkaidi huyo, tena ukaidi mtamu!

Mahindi yalipokomaa, nani akatokea? Bibi wa shamba, mke wa yule bwana aliyekimbia. Sasa ni mjane, viatu vimetoboka, midomo imekauka. Mikono ile ile ndiyo iliyokuwa ikimchapa mama huyu mjeledi. Mama moyo ulimchemka, msidhani alikuwa malaika.

"Shamba hili ni langu," bibi akasema kwa sauti ya chini.

"Mahindi ni yangu," mama akajibu. Akakaza meno. Kisha akamsogezea bakuli la uji. "Kula. Ukishiba, jembe la pili lile pale. Hapa anayekula analima."

Bibi akala huku analia. Alasiri ile wakalima wote wawili.

Naona mnatikisa vichwa, mnampongeza mama. Na sisi je? Sisi aliyetutesa akirudi, ama tunamwinamia tena kama zamani, ama tunambamizia mlango. Tunajua kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Adui yetu hata mlo mmoja hatumpi! Mama yule hakurudi utumwani, wala hakumwua mtu kwa njaa.

Ndugu yangu, yupo mtu umeapa hatakula kwako. Jina lake unalo, mimi sina. Leo chakula kikiiva, usinawe mikono kwanza. Nenda kamwite.