Urefu wa Ngazi Muulize Mwenye Mtungi

Urefu wa ngazi muulize mwenye mtungi. Mmelisikia neno hilo leo kituoni, mkacheka, sasa mwataka kujua lilikotoka. Basi kaeni, wajukuu zangu. Lilizaliwa hapahapa Kisangule, nami nilikuwepo.

Zamani kituo chetu kilikuwa nyasi tupu kando ya reli. Treni ikisimama, ngazi yake ya kwanza ilikufika kiunoni. Bi Sihaba, mfinyanzi wetu, alikuwa na goti bovu, na kila Jumamosi alipeleka mitungi mnadani. Jumamosi tatu mfululizo treni ikamwacha.

"Ikiniacha tena, naacha ufinyanzi," akasema.

Tukashtuka. Kijiji kizima kilikunywa maji ya mitungi yake.

Tukamchagua aingie kamati ya abiria. Hao walikuwa watu watano, kazi yao kumshauri meneja wa treni. Lakini ushauri wenyewe sasa! Waliitwa ofisini mjini, wakapewa chai na maandazi, meneja anasoma, wao wanaitikia.

Siku hiyo meneja, Bwana Kobero, akasoma: "Ngazi zimepimwa na fundi. Ziko sawa."

Wajumbe wanne wakatikisa vichwa, midomo imejaa. Bi Sihaba akalirudisha andazi lake sahanini.

"Mwanangu, kikao kijacho njoo Kisangule, tukifanyie ndani ya treni. Togwa nitapika mimi."

"Togwa ya Kisangule? Nakuja, mama!"

Akaja kweli, na tai shingoni. Kwetu mgeni wa heshima hubeba mwenyewe mtungi wa togwa, tena kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni dharau. Treni ilipoingia, Bi Sihaba akamkabidhi mtungi umejaa pomoni.

"Panda, mwanangu. Tutanywea ndani."

Akainua mguu, haukufika. Akainua wa pili, togwa ikamwagikia tai.

"Mama, nishike wapi?"

"Kwani fundi hakukuonyesha?"

Filimbi ikalia.

"Ngojeni! Mimi ndiye meneja!"

"Na mimi mkuu wa wilaya!" abiria mmoja akamjibu dirishani. Treni hiyoo, ikaenda zake.

Bwana Kobero akabaki kaukumbatia mtungi. Sote tukaogopa. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa nyasini.

"Kumbe fundi alipima akiwa mikono mitupu! Leteni kata tunywe, halafu mniambie yote."

Tukamwambia. Hakuna aliyebakiza neno, hata wale wajumbe wa maandazi.

Masika hayajafika, tulikuwa na jukwaa la mawe, sawasawa na mlango wa behewa, na amri kwamba filimbi isilie kabla wa mwisho hajapanda. Wa kwanza kulikanyaga alikuwa Bi Sihaba, mtungi kichwani, akaingia kama anayeingia jikoni kwake. Vigelegele vyake vilifika ng'ambo ya mto.

Tangu hapo kamati hukaa vituoni, si ofisini. Na kila fundi aliyemwambia Bwana Kobero kwamba kitu kiko sawa, yeye alimjibu akitabasamu: urefu wa ngazi muulize mwenye mtungi.