Aliyesindikiza Maji

Alikuwako mtu huko milimani Upare, jina lake Mrindoko, naye alikuwa na zamu ya maji. Kwao mvua ikichelewa watu huishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililojengwa na mababu juu kabisa, chini ya chemchemi. Usiku maji hujikusanya humo. Asubuhi mwenye zamu hupanda, huchomoa kizibo, na maji hushuka kwa mfereji wa udongo, yakizunguka kilima, yakipita kando ya mashamba ya watu, hata yafike kwenye shamba lake. Jua likiinama kizibo hurudishwa. Umepata, umepata. Hukupata, subiri zamu irudi, na maharage hayajui kusubiri.

Mwaka huo maharage ya Mrindoko yalikuwa yametoa maua. Ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake, hakuna kingine. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, bado yumo ndani, hajatoka uzazini, na kinywa kipya kimeongezeka. Zamu zilizopita maji yalifika shambani membamba, yakalowesha matuta ya juu tu, ya chini yakabaki vumbi. Yakikosa na mara hii, maua yangepukutika, na watu wa nyumba ile wangekula kwa kubisha hodi. Mrindoko aliamka na jambo hilo moyoni, akalala nalo.

Sasa sikilizeni alivyokuwa akifanya. Akishachomoa kizibo hakushuka na maji. Mfereji una mizunguko, hauachi bonde wala kona, na yeye alikuwa mtu wa mbio. Alishika njia ya mkato, ile ya kuteremka mawe kwa mikono na miguu, akafika shambani mapema, akasimama na jembe begani kuyangoja. Msiniambie haraka haina baraka. Methali hiyo aliijua kuliko ninyi, na bado alikimbia, kama ninyi. Watu wa zamani walikuwa wakiyasindikiza maji. Walitembea nayo tangu kwenye kizibo hadi kwenye tuta, wakiyaondolea majani mbele. Mrindoko alisema hayo yalikuwa mambo ya watu wasio na kazi.

Maji yalipofika membamba, alisema yameibwa. Na mwizi alikuwa naye tayari, maana mtu akikosa kitu hachelewi kumpata mwizi. Ni Kajiru, jirani yake, ambaye mfereji unapita kwenye shamba lake kabla ya kufika kwa Mrindoko. Hakumwona akiiba. Aliona tu shamba lake ni la kijani, ikatosha. Akaacha kumsalimu. Akaapa kwamba zamu hii maji yakipungua tena atamsimamisha Kajiru mbele ya baraza la mfereji, amwite mwizi watu wote wasikie.

Asubuhi ya zamu yake alikuwa ameshashika jembe, anatoka, mama mkwe akamsimamisha. Mama huyo alikuwa amekuja kumhudumia mzazi. Kwa heshima hakumtazama mkwewe usoni, alisema akiwa amegeukia mafiga: "Baba, wachukue na watoto. Mzazi hajapata usingizi." Na ni nani hapa anayeweza kubishana na mama mkwe? Mrindoko aliwachukua. Wa kwanza Nakunda, msichana, ndiyo kwanza meno ya mbele yamemng'oka. Wa pili Mbonea, mdogo wake, anayejua kutembea lakini akiona kijiti husimama, akiona sisimizi huchuchumaa. Wakapanda. Baba alitangulia akinung'unika, watoto nyuma wakiimba.

Alichomoa kizibo. Maji yakatoka kwa kishindo, na Mbonea akapiga kelele, akaukumbatia mguu wa baba yake. Mrindoko akageukia njia ya mkato. Akayatazama yale mawe, akamtazama Mbonea. Akapima moyoni kumbeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani na jembe juu yake, akaona hapana, atawaua. Basi akaufuata mfereji, amenuna, anaona zamu yake imekwisha kabla haijaanza. Alijiambia kwamba mwaka huu watoto hawa watakula mchezo wao.

Lakini, jamani, hebu tazameni maji yanavyokwenda kwenye mfereji mkavu. Yale ya mbele si mto. Ni kidogo, ya kahawia, yamebeba majani makavu na povu, na mbele yake siafu wanakimbia na mayai yao. Yakifika penye kishimo husimama. Hukijaza kishimo, hutulia, halafu huinua kichwa taratibu, hutazama upande wa pili, huenda tena. Ardhi iliyopasuka huyanywa, na maji husubiri hadi imeshiba. Yanakwenda mwendo wa mtoto mdogo, hasa mwendo wa Mbonea, hakuyapita, hayakumwacha. Nakunda alitembea kinyumenyume mbele yake, akiyaita kwa viganja, "Huku, njooni huku," kama anavyoita vifaranga. Mrindoko alikuwa ameyanywa maji hayo tangu azaliwe, na hajawahi hata siku moja kuyaona yakitembea. Alisimama akayatazama. Akasahau kununa.

Walikwenda. Mbonea alitia jani, likaelea, akalia lilipozama, baba akamtilia lingine. Nakunda aliuliza maji yanalala wapi mchana. Baba hakujua, akasema hajui, na mtoto akafurahi kwamba kuna jambo baba yake halijui. Penye kona ya migomba Nakunda akachuchumaa. "Baba, mbona hapa yanazunguka?" Mrindoko aliinama. Chini ya ukingo palikuwa na tundu la kaa, pana kama kikombe, na maji yalikuwa yakiingia humo yakielekea bondeni kimya kimya, pasipo kumwambia mtu. Akaufinyanga udongo na nyasi, akaziba, na watoto wakakanyaga juu yake mpaka pakawa pagumu. Mbele kidogo wakakuta tundu jingine. Mbele tena, handaki la fuko. Wakaziba, wakakanyaga, wakacheka, wakawa udongo mtupu hadi kwenye nyusi. Hapo ndipo zamu zake zote zilipokuwa zikipotelea, wakati yeye amesimama shambani anamlaani mtu.

Wakafika kwa Kajiru. Mrindoko aliutafuta mlango wa maji wa shamba lile, akaukuta. Ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu, na juu ya udongo nyasi zimeota. Haukuwa umeguswa tangu zamu ya mwenyewe. Akasimama pale. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Kajiru alikuwa akipalilia, akajiinua. "Mzazi hajambo?" akauliza, bila kinyongo, kama mtu ambaye hajanyimwa salamu msimu mzima. "Hajambo, tunashukuru," Mrindoko akajibu. Kajiru akakata muwa, akaumenya, akawapa watoto. Mrindoko hakumpeleka mtu barazani, wala hakuna aliyejua kwamba alitaka kumpeleka. Mungu humwepusha mtu na mengi ambayo mwenyewe hayaoni.

Toka hapo shamba la Mrindoko lilionekana chini. Akaliona, na hofu ikamrudia. Maua yalikuwa yamelala. Jua lilikuwa limepita utosi, na maji yalikuwa bado yanatambaa penye kona, na Mbonea ameketi chini, amechoka, anatafuna muwa. Mrindoko aliwaza kama tuwazavyo sote. Akawaza: nimecheza vya kutosha, sasa nifanye kazi ya mtu mzima. Nitawaacha hawa kwa Kajiru, nishuke mbio, nikayafungulie matuta. Maji mfereji yanao, yatafika. Akaliweka jembe begani. Akawaambia, "Kaeni hapa na mjomba wenu. Maji yatakuja yenyewe."

Nakunda akamtazama baba yake kwa mshangao, kama mtu aliyesikia neno lisilowezekana. Akasema, "Baba, hayaijui njia. Haya hayajawahi kupita hapa."

Ndugu zangu, Mrindoko alikuwa mtu mzima. Alisomeshwa, alibarikiwa, alioa, alizika wazazi wake. Lakini neno lile hakuwahi kulisikia kwa mtu. Aliyatazama maji. Mfereji ulikuwa wa zamani, babu yake aliuchimba, na kila kona ina jina. Maji aliyoyasindikiza babu yalipita hapo. Aliyoyasindikiza baba yake yalipita hapo. Yakaenda, hayarudi. Lakini haya yaliyokuwa miguuni pake yalitoka kwenye mwamba usiku uleule, hayajaona jua kabla ya asubuhi ile, na kila jiwe yalilolifikia lilikuwa kwayo jiwe la kwanza duniani. Ndiyo maana yalikuwa yakisimama kwenye kila kishimo. Hayakuwa mavivu. Yalikuwa mageni.

Kisha akawatazama watoto wake. Nakunda amesimama miguu mitupu kwenye tope, pengo mdomoni. Mbonea anamwonyesha sisimizi muwa wake. Walikuwa naye nyumbani kila siku, akiwapita asubuhi, akiwakuta wamelala jioni, akiwatafutia chakula kwa bidii, na hakuna wa kumlaumu. Naye aliwaona sasa kwa mara ya kwanza, na akaogopa. Nasema akaogopa, na simaanishi hofu ya njaa, hiyo aliizoea. Aliogopa kama mtu aliyeingia kanisani kwa haraka akidhani ni tupu, akakuta watu wamepiga magoti. Alivua kofia. Alisimama kichwa wazi juani, mbele ya watoto wawili wenye udongo na maji kidogo ya kahawia, na moyo wake ukajaa furaha.

Hakuwaacha. Alimweka Mbonea mabegani, jembe akalishika mkononi, na Nakunda akatangulia. Wakaufuata mfereji kona kwa kona, wakiondoa majani, wakiziba matundu, na baba naye sasa akiyaita maji kwa kiganja, mtu mzima, ndevu zote zile, "Huku, njooni huku." Kajiru aliwaona kwa juu, akaegemea jembe lake, akawatazama hadi wakapotea.

Maji yakaingia shambani jua likiwa bado halijainama. Yaliingia mazima, unene wake uleule wa kutoka ndivani. Yakajaza tuta la kwanza, kisha la pili, yakashuka, na ardhi ikatoa ile sauti yake ya kunywa, na ile harufu. Hata matuta ya chini kabisa, ambayo mwaka ule hayakuwa yamelowa kwa maji ya mfereji, yakanywa yakashiba. Watoto wakavua nguo wakakaa katikati ya mtaro. Mrindoko aliyafungua matuta na kuyafunga, na katikati ya kazi akasimama, akacheka peke yake, akaendelea. Waliporudi nyumbani mama mkwe aliwaona wote watatu wamepakwa udongo hadi kope, akageukia ukuta kwa heshima, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa kicheko.

Maharage yalizaa. Lakini sikuja kuwaeleza habari za maharage. Tangu siku hiyo mtu yule alikwenda na watoto wake hata siku zisizo za zamu, mfereji ukiwa mkavu. Wakabeba viazi vya kuchoma, wakakaa penye kona ya migomba, wakatazama kaa, wakarudi. Watu walimwuliza, "Baba Nakunda, unakwenda wapi?" Akajibu, "Tunatembea." Wakauliza, "Kutafuta nini?" Akasema, "Tunatembea tu." Wakamcheka, wakasema uzazi wa mkewe umemfikia yeye kichwani. Naye akacheka pamoja nao, akamshika Mbonea mkono, akaenda.

Ninawaona hapa akina baba na akina mama. Ninyi si watu wabaya. Mmechimba mifereji mizuri: shule, nguo, chakula, dua kabla ya kulala. Mmeshuka kwa njia ya mkato, mmesimama chini na majembe begani, mnamsubiri mtoto afike, na akifika mwembamba mnatafuta nani aliyemwiba. Sasa nijibuni, wala msinijibu mimi, mkajibiane wenyewe njiani mkirudi nyumbani: mwanao ni mgeni, hajawahi kupita hapa, na leo anatembea na nani?